Kutoka Kijitoni hadi Bombani: Maji Safi katika Vijiji vya Songea

Mgeni anayefika Songea mwezi Februari huikuta nchi imeloa. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, huendelea hadi Aprili, na kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 1,000, kiasi ambacho mkulima wa Dodoma au Singida angekisikia kama hadithi. Karibu na mji imesimama milima ya Matogoro. Humo ndimo unamozaliwa Mto Ruvuma, ulioupa mkoa jina lake, ambao husafiri kilomita zipatazo 800 hadi Bahari ya Hindi. Katika milima hiyo hiyo huanza Luhira, unaounywesha mji wa Songea, na Luwegu, ambao maji yake hugeuka kaskazini na kuingia bonde la Rufiji.

Hata hivyo, katika miaka mia moja ambayo usharika huu unaiadhimisha, kazi chache zimewachosha akina mama wa vijijini kama kutafuta maji. Mvua zikishakatika, vijito vidogo huanza kupungua, na kufikia Septemba na Oktoba chemchemi nyingi huwa zimebaki madimbwi. Dimbwi moja hunywesha watu, mbuzi na wanyama wa porini. Huo ndio ukame wa Songea. Hauui mazao kwa ghafla kama ule wa Ugogo, wala haupigiwi mbiu magazetini, lakini hurudi kila mwaka, na kila mwaka humkuta mtoto mchanga aliyezaliwa baada ya ule uliopita.

Yapo pia mengine yanayopaswa kuelezwa kwa unyofu katika kitabu cha kumbukumbu kama hiki. Maji safi hayakuletwa vijijini mara moja. Yaliletwa mara kadhaa, na watu tofauti, kwa fedha tofauti, na mahali pengi yalikatika bombani huku chemchemi ikiendelea kububujika mlimani. Sura hii inafuatilia ujio huo, na pamoja nao swali ambalo kila ujio uliliacha nyuma yake: aliyejenga akiisha kuondoka, ni nani mwenye bomba?

MTUNGI, DEBE NA NDOO

Wazee wa zamani hawakuhitaji mhandisi kuwaambia wajenge wapi. Walijenga maji yalipo. Wamatengo wa milimani walipata ujuzi wa pekee wa kuyazuia maji ya mvua yasikimbie: mashimo ya ngolo waliyoyachimba katika miteremko ya mashamba yao yaliyapokea maji, yakayapa nafasi ya kuzama ardhini, na udongo ukabaki shambani. Wataalamu wa kilimo kutoka nchi za mbali wameyasoma mashimo hayo kwa miaka mingi. Chemchemi nazo zilikuwa na miiko yake, na mti ulioikinga haukukatwa ovyo. Vituo vya misheni, vya ndugu Wakatoliki waliofika Peramiho mwaka 1898 na vya Misheni ya Berlin iliyofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, navyo vilitafuta mahali penye maji yasiyokauka kabla ya kujenga kanisa.

Haiwezekani kuandika neno maji katika Songea bila kukumbuka vita. Mwaka 1905 Omari Kinjala alileta Ungoni dawa ya maji iliyotoka Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale. Mwaka uliofuata Wajerumani waliwanyonga mjini hapa mashujaa zaidi ya 60, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Mashamba na maghala yalichomwa, na njaa iliyofuata ilichukua watu wengi kuliko risasi. Kizazi kilichokuwa kikijifunza kusoma katika madarasa ya kwanza ya misheni kilikuwa kimezaliwa katika nchi iliyojua thamani ya maji kwa machungu hayo.

Jinsi maji yalivyobebwa ilibadilika kabla maji yenyewe hayajabadilika. Mtungi wa udongo uliyapoza maji, lakini ulivunjika njiani, na ukiwa mtupu tayari ulikuwa mzigo. Kisha likaja debe, lile bati la mafuta ya taa lililokuwa na ujazo wa galoni nne, yaani lita 18 hivi. Debe likawa kipimo cha kila kitu, cha mahindi, cha maharage na cha maji, na mama aliyejitwika debe lililojaa alibeba karibu kilo 20 juu ya ngata, akipanda mlima. Ndoo na madumu ya plastiki yalipofika, uzito haukupungua. Kilichopungua ni kelele za bati na ukurutu wa kutu ndani ya maji.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti Gilbert White, David Bradley na Anne White walizunguka Kenya, Uganda na Tanzania wakipima maji ambayo kila nyumba ilitumia na muda uliotumika kuyachota. Kitabu chao kilitoka mwaka 1972. Bradley alionyesha jambo ambalo akina mama walilijua bila kuliandika, kwamba maji machache ni hatari hata yakiwa safi. Nyumba isiyo na maji ya kutosha hainawi mikono, haifui, haimwoshi mtoto uso, na kwa hiyo macho, ngozi na matumbo huugua. Miaka 30 baadaye wenzao walirudi katika maeneo yale yale. Wakakuta kwamba nyumba zisizo na bomba zilitumia muda wa kuchota maji karibu mara tatu ya ule wa mwanzo.

LITOWA

Ujio wa kwanza wa maji ya bomba unaostahili kukumbukwa katika vijiji vya Songea ulitoka kwa vijana wa kijijini wenyewe. Mwaka 1960 kundi la vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, lilikwenda kuanzisha makazi ya pamoja Litowa. Jaribio la kwanza lilishindwa. Walirudi wakaanza tena. Mwaka 1963 vijiji vya namna hiyo vilisajili Chama cha Maendeleo Ruvuma, ambacho baadaye kilikuwa na vijiji 17. Ralph Ibbott, Mwingereza aliyeishi nao pamoja na familia yake, alikuwa mshauri wao. Shule ya Litowa iliongozwa na Suleman Toroka.

Watu hawa walijenga kinu cha nafaka, wakapata mashine ya kupasua mbao, wakaanzisha karakana, wakabadilisha chakula cha watoto, na wakajiletea maji ya bomba. Inafaa kusimama kidogo hapa. Maji ya Litowa yalitanguliwa na mkutano. Watu walikaa chini, wakaamua, wakagawana siku za kuchimba mtaro, na bomba lilipopasuka walijua nani alilaza kipande kile. Mafundi walikuwa vijana wa vijiji vyao wenyewe. Misaada kutoka nje ilikuwapo, lakini ilikuta kazi imeshaanza.

Mwalimu Nyerere aliwapenda watu wa Litowa, na wengi huamini kwamba mfano wao ulikuwa akilini mwake alipoandika juu ya vijiji vya ujamaa mwaka 1967. Lakini mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho, na mali zake zikachukuliwa. Hoja za pande zote mbili zimejadiliwa katika vitabu na hazihitaji kurudiwa hapa. Kwa habari ya maji yatosha kusema kwamba siku chama kilipovunjwa, bomba la maji lilipoteza mwenyewe.

WAGENI WA MUHUKURU

Wakati Litowa ikichimba mitaro yake, upande wa kusini watu walikuwa wakivuka Mto Ruvuma usiku. Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO ilianza vita vya ukombozi wa Msumbiji, na familia kutoka Niassa na Cabo Delgado zilikimbilia Tanzania na vitu walivyoweza kubeba. Wengi walifikia kwa watu wa lugha zao, kwa maana mto ule haukuwahi kuwatenganisha kabla ya Wareno na Wajerumani kuufanya mpaka.

Hapo ndipo Walutheri wa dunia walipoingia katika historia ya maji ya Songea. Shirikisho la Kilutheri Duniani lilianzishwa Lund, Sweden, mwaka 1947, wakati ambapo Mlutheri mmoja katika kila sita alikuwa mkimbizi au mtu aliyepoteza makazi kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo kazi ya wakimbizi haikuwa nyongeza kwake. Ilikuwa sababu mojawapo ya kuzaliwa kwake. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri lilikuwa limeundwa kwa kuunganisha makanisa saba tarehe 19 Juni 1963, na mwaka uliofuata Shirikisho likaanzisha Huduma ya Kikristo kwa Wakimbizi ya Tanganyika, ambayo watu wote huijua kwa herufi za TCRS. Nchi ilipopata jina la Tanzania mwaka huo huo, jina la Tanganyika lilibaki katika herufi hizo, na limebaki mpaka leo.

Utaratibu ulikuwa wa pande tatu. Serikali ilitoa ardhi, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitoa sehemu kubwa ya fedha, na TCRS ikafanya kazi. Kusini mwa nchi yalianzishwa makazi ya Rutamba na Matekwe upande wa Lindi na Nachingwea, na katika Ruvuma makazi ya Muhukuru, Mputa na Lundo, hili la mwisho likiwa kando ya Ziwa Nyasa. Muhukuru palikuwa pori. Barabara ilifunguliwa, zahanati ikajengwa, kila familia ikapimiwa shamba, na maji yakatafutwa kabla ya yote hayo, kwa kuwa maelfu ya watu hawawezi kukalishwa mahali pamoja wakayategemea madimbwi.

Ugumu wa kazi hiyo ulionekana zaidi mahali pengine. Ulyankulu, mkoani Tabora, yalifunguliwa makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Watu waliongezeka hadi ikadhihirika kwamba ardhi na maji ya pale havingewatosha, na mwaka 1978 maelfu yao walihamishiwa makazi mapya ya Mishamo. Watu walihamishwa mara ya pili, wakaacha mashamba waliyokwisha kuyafyeka. TCRS na wenzake walijifunza hapo kwamba hesabu ya maji hufanywa kabla ya hesabu ya viwanja.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na watu wa Muhukuru wakaanza kurudi kwao. Leo Muhukuru ni kata ya Wilaya ya Songea, na Lundo imo katika Wilaya ya Nyasa iliyoanzishwa mwaka 2012. Katika makazi yote ya TCRS lengo lilikuwa moja: watu wajitegemee kwa chakula, kisha shughuli zikabidhiwe Serikali. Makabidhiano yaliandikwa na kutiwa saini. Ila orodha ya mali ina mipaka yake. Inaweza kutaja tanki, pampu na urefu wa bomba, lakini haiwezi kumtaja yule mtu mmoja aliyejua kwa kusikiliza tu kwamba koki ya juu haijafungwa sawasawa.

VIJIJI VYA KANDO YA BARABARA

Wakati wa wakoloni miradi michache ya maji ilijengwa kwa mchango wa Serikali za wenyeji. Baada ya Uhuru mchango huo uliondolewa, na kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1960 Serikali ilibeba gharama za kujenga, kisha na za kuendesha. Maji yakawa bure. Uamuzi huo ulitoka katika moyo mwema: nchi ilikuwa imepigana na maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na haikuonekana haki kumwuzia mnyonge maji. Mwaka 1971 Serikali ikatangaza mpango wa miaka 20. Kufikia mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini angepata maji safi na ya kutosha ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya kati ya miaka 1973 na 1976. Watu waliokuwa wametawanyika mabondeni, kila ukoo na chemchemi yake, walikusanywa kando ya barabara ili wapate shule, zahanati na duka la ushirika. Shule nyingi zilijengwa kweli. Lakini barabara za nchi ya vilima hupita migongoni, na maji hupita mabondeni. Kijiji kipya kikawa karibu na gari na mbali na kijito. Mama ambaye zamani alishuka hatua mia mbili sasa aliteremka bonde zima, akapanda tena na ndoo kichwani. Wapangaji wa vijiji hawakukusudia hivyo. Walidhani bomba lingefuata mara.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili nchini kote katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu. Walifundishwa juu ya kuhara, kichocho, minyoo na malaria, wakachimba vyoo na kusafisha visima. Wapo wazee ambao hata sasa hutamka jina la kampeni hiyo kwa tabasamu. Ilionyesha kwamba wanavijiji wangefanya kazi kubwa kama wangeelezwa sababu.

Bomba lililosubiriwa, hata hivyo, lilikuja mara nyingi likiwa na mashine ya dizeli. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Katikati ya hapo kulikuwa na vita vya Kagera. Kipindupindu nacho kilienea nchini kuanzia mwishoni mwa mwaka 1977. Fedha za kigeni zilikwisha, vipuri vikaadimika, na mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mwanakijiji aliyeambiwa kwamba maji ni ya Serikali alifanya lililo la haki kwake: aliisubiri Serikali ije kutengeneza. Fundi wa maji alikaa mjini bila gari, na gari lilipopatikana halikuwa na mafuta.

MAJI YASHUKAYO YENYEWE

Umoja wa Mataifa uliitenga miaka ya 1981 hadi 1990 iwe Muongo wa Maji na Usafi. Katika kipindi hicho Denmark iliichukua mikoa mitatu ya Iringa, Mbeya na Ruvuma. Kwanza ilitengenezwa ramani ya maji ya mikoa hiyo, kazi iliyofanyika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wahandisi wa Kidenmaki walipima mito na chemchemi, na watafiti kutoka Copenhagen na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuuliza watu wanachota wapi, nani anachota, na kwa nini wanapendelea chanzo hiki kuliko kile. Majibu yao yalijaza vitabu vinene.

Uamuzi mkubwa wa mpango huo ulikuwa kuikwepa dizeli. Pale ambapo chemchemi iko juu kuliko kijiji, maji yashuke yenyewe. Pale ambapo hakuna chemchemi ya juu, kichimbwe kisima kifupi chenye pampu ya mkono. Nchi ya Ruvuma inaufaa mtiririko. Banio dogo la zege hujengwa mlimani, maji hupita katika chemba ambamo mchanga hutuama, kisha huingia bomba kuu. Kila mita 10 za mteremko huongeza msukumo wa bar moja, kwa hiyo mlima mrefu ni baraka na hatari pamoja: bomba lisilopumzishwa hupasuka. Ndiyo sababu katikati ya mteremko hujengwa vitanki vya kuvunja nguvu ya maji, ambavyo wapita njia wengi huviona kama vijumba visivyo na kazi. Chini huwa na tanki kubwa linalojaa usiku watu wakiwa wamelala, na kutoka hapo maji hugawanywa kwenye vilula.

Wanavijiji walichimba mitaro, wakabeba mawe na mchanga, wakachagua kamati za maji ambamo wanawake walipewa nafasi, na kila kijiji kikatoa vijana wa kufundishwa utunzaji. Katika vijiji vingi maji yalifika kweli. Hata hivyo mpango ulikuwa na udhaifu ambao wenyeji wa Denmark wenyewe waliutaja. Ole Therkildsen, mtafiti wao, aliandika kitabu mwaka 1988 kilichoonyesha kuwa miradi ya maji iliyofadhiliwa na nchi za nje Tanzania, si ya Denmark peke yake, ilipangwa juu ya vichwa vya halmashauri na idara ambazo ndizo zingekuja kuiendesha. Mfadhili alikuwa na ofisi yake, magari yake na ghala lake la vipuri. Siku alipofunga ofisi, ghala lilifungwa nayo. Kamati ya kijiji ilibaki na funguo za kufungulia nati na bila nati za kufungua.

Si haki kuwalaumu Wadenmaki tu. Mwaka 1991, ule ule uliokuwa uwe mwisho wa mpango wa miaka 20, mamilioni ya watu wa vijijini walikuwa bado wakichota mtoni.

VISIMA VYA IBRAHIMU

Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba Isaka alirudi katika bonde la Gerari akavichimba tena visima ambavyo baba yake Ibrahimu alivichimba, kwa kuwa Wafilisti walikuwa wamevifukia. Akavipa majina yale yale. Wachungaji wa nchi ile waligombana naye juu ya kisima cha kwanza na cha pili, hadi alipopata cha tatu ambacho hakikugombewa. Habari hiyo yaweza kusomwa kama taarifa ya maji ya Songea baada ya mwaka 1991, kwa maana tangu wakati huo sehemu kubwa ya kazi imekuwa kuchimba tena kilichokwisha kuchimbwa, na sehemu iliyobaki imekuwa kuamua ni cha nani.

Sera ya Maji ya mwaka 1991 ilikiri kwamba maji ya bure yalikuwa yamekwisha. Sera ya mwaka 2002 ilikwenda mbali zaidi: wanakijiji wachangie ujenzi, wamiliki mradi, na walipe gharama zote za kuuendesha. Kiwango kikawekwa kuwa lita 25 kwa mtu kwa siku, na kituo kimoja cha kuchotea kwa watu 250, ndani ya mita zile zile 400 za mwaka 1971. Sheria ya mwaka 2009 iliwapa jumuiya za watumiaji maji nafasi ya kusajiliwa na kuwa na mali kwa jina lao.

Kwa wazee waliozoea maji ya Serikali, jambo hili lilikuwa gumu kumeza, na kunung'unika kwao kulikuwa na sababu. Mkulima wa mahindi hupata fedha mara moja kwa mwaka, wala si kila asubuhi. Mjane mwenye wajukuu watano hutumia maji mengi kuliko mfanyabiashara anayeishi peke yake. Palipowekwa bei ya ndoo bila kufikiri, maskini walirudi kijitoni, na bomba likawa la wenye nacho. Palipokusanywa fedha bila daftari, mfuko wa maji ukageuka chanzo cha ugomvi, na watu wakasema heri maji machafu kuliko maneno machafu. Vijiji vilivyofaulu vilikuwa, kwa kawaida, vile ambavyo mapato na matumizi yalisomwa hadharani katika mkutano wa kijiji, na ambavyo aliyeshika koki alilipwa japo kidogo. Wageni wa dayosisi kutoka Kilimanjaro watakumbuka kwamba mifereji ya Wachagga ilidumu kwa vizazi kwa utaratibu wa namna hiyo. Kila mfereji ulikuwa na wenyewe, siku ya kuusafisha ilijulikana, na asiyefika alitozwa au alikosa zamu.

Makanisa hayakukaa pembeni. TCRS, ambayo iliendelea kuwahudumia wakimbizi wa Burundi na Rwanda, ilielekeza pia nguvu zake kwa Watanzania wa maeneo yenye mvua haba kama Kishapu, mkoani Shinyanga, na katikati ya miaka ya 2000 ikawa chombo cha Kitanzania badala ya ofisi ya Geneva. Katika sharika nyingi za Nyanda za Juu Kusini, uhusiano na sharika rafiki za Ujerumani, Denmark na Marekani ulileta visima na matanki ya kuvuna maji ya paa. Ni neema, na ni vema ishukuriwe. Ni vema pia ikumbukwe kwamba rafiki wa ng'ambo hupenda kuzindua zaidi kuliko kukarabati. Picha ya maji ya kwanza hutundikwa ukutani. Picha ya nati mpya haipigwi.

Serikali ilipohesabu vituo vya maji vijijini nchini kote, kazi iliyofanyika mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilikuta kwamba karibu vinne katika kila kumi havikutoa maji. Kutokana na hali hiyo ilitungwa Sheria Namba 5 ya mwaka 2019 iliyoanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ambao ulianza kazi tarehe 1 Julai mwaka huo. Wahandisi wa maji wa wilaya waliondolewa chini ya halmashauri wakawekwa chini ya wakala. Vyombo vya watumia maji viliandikishwa upya, na sasa chombo kimoja chaweza kuhudumia vijiji kadhaa, kikaajiri fundi na mhasibu waliosomea kazi hizo, badala ya kumtegemea kijana mmoja mwenye moyo wa kujitolea ambaye kesho ataoa na kuhamia Mbinga.

Limebaki suala la mlimani, na hilo halina mfadhili. Sensa ya mwaka 2002 iliwakuta watu 131,336 katika mji wa Songea. Ile ya mwaka 2012 iliwakuta 203,309. Mji unategemea maji ya Matogoro, na vijiji vingi vinategemea vyanzo vidogo vya namna hiyo hiyo, ambavyo misitu yake inaliwa kidogo kidogo na mashamba, kuni na moto wa kiangazi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Mezani, mita 60 ni mstari mwembamba wa kalamu. Bondeni, kwa mama mwenye vinyungu, hapo ndipo palipo na unyevu mwezi Septemba, na hapo ndipo hupanda mboga na mahindi mabichi yanayomlipia mtoto ada, pamoja na ndoo anayochota kwenye kilula cha kijiji. Kamati za maji za vijiji kadhaa zimekwisha kupanda miti kuzunguka vyanzo vyao na kuweka alama za mipaka. Katika vijiji vingine alama hizo zimeng'olewa usiku, na asubuhi kikao kimeitwa tena.